Namna ya Kuhifadhi Nyimbo za Krismasi za Familia Pamoja na Kumbukumbu Zake

Bibi yetu mzaa baba alikuwa na wimbo mmoja wa Krismasi aliouimba kila tarehe 24 Desemba asubuhi akimenya ndizi za mtori. Beti mbili za kwanza aliziimba kwa Kiswahili, na ubeti wa tatu aliuimba kwa Kichagga, kama alivyofundishwa na mama yake. Alipofariki, tulikaa sebuleni wajukuu pamoja na wazazi wetu, tukajaribu kuuimba ubeti ule wa tatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuuvuka mstari wa kwanza. Tulikuwa tumeusikia kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa kuwa tulikuwa tukiusikia kila mwaka tulidhani kwamba tunaujua, kumbe tulichokuwa tukikijua ni sauti yake tu.

Tangu hapo nimekuwa nikikusanya nyimbo za Krismasi za ukoo wetu, na maelezo haya ni kwa yeyote anayetaka kuifanya kazi hiyo nyumbani kwao. Haihitaji vifaa vya gharama: simu, daftari, siku chache za likizo na subira vinatosha. Jambo moja naliweka mbele ya mengine yote. Wimbo usihifadhiwe bila kumbukumbu yake. Maneno ya nyimbo nyingi za Noeli yamo vitabuni na mtu anaweza kuyapata wakati wowote, lakini nani alianzisha wimbo ule jikoni kwenu, mwaka gani, na kwa nini baba mkubwa hutoka nje kila unapofikia ubeti wa mwisho, hayo hayamo katika kitabu chochote.

Orodha hutangulia safari

Kwetu Kilimanjaro watu hurudi nyumbani kuanzia katikati ya Desemba, na baada ya Mwaka Mpya nyumba hubaki na wazee wawili na mbwa. Muda ni mfupi. Kwa hiyo kazi ianze mwanzoni mwa Majilio, yale majuma manne ya kuingojea Krismasi, kwa kuwaandikia au kuwapigia ndugu wote na kumwomba kila mmoja ataje nyimbo tatu anazozihusisha na Krismasi ya nyumbani, pamoja na mahali alipokuwa akizisikia. Usiulize ni wimbo gani anaoupenda zaidi, kwa sababu swali hilo humfanya mtu ataje wimbo unaosifiwa na wengi. Ukimwuliza alikuwa wapi, atakutajia ngazi za kanisa, gari la mjomba, au godoro la sakafuni walipolala watoto kumi na wawili, na wimbo utakuja wenyewe nyuma ya mahali hapo.

Orodha itakayorudi itakuwa na mchanganyiko mkubwa, na ni vema kujua asili ya nyimbo zinazotajwa mara kwa mara, kwa sababu asili hiyo itakusaidia kuuliza maswali ya maana. Chukua mfano wa Usiku Mtakatifu. Maneno yake ya Kijerumani yaliandikwa na padre Joseph Mohr, sauti ikatungwa na mwalimu Franz Xaver Gruber, na uliimbwa kwa mara ya kwanza katika mkesha wa Krismasi wa mwaka 1818 katika kanisa la Oberndorf, karibu na Salzburg nchini Austria, ukisindikizwa na gita. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 walikuja na nyimbo za Kijerumani, na Wakatoliki walikuwa na wamisionari wao na vitabu vyao. Ndiyo maana katika familia moja yenye Walutheri na Wakatoliki unaweza kukuta mzee mmoja akiimba maneno ya Mwimbieni Bwana, kitabu cha nyimbo cha Walutheri, na mwenzake akiimba maneno mengine kabisa kwa sauti ileile, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake amekosea. Usiwasuluhishe. Andika yote mawili, na uandike nani alijifunza wapi.

Wazee Wakatoliki waulizwe pia kuhusu Kilatini. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano iliyofungua njia ya kutumia lugha za watu katika ibada ilitolewa tarehe 4 Desemba 1963, na waliokuwa watoto kabla ya hapo walisikia misa ya Noeli kwa Kilatini. Mama mmoja wa jirani, ambaye hakupita darasa la nne, alituimbia Adeste Fideles kwa Kilatini mwanzo hadi mwisho bila kusita, akasema kwamba hajui neno moja linamaanisha nini, ila anajua alivaa gauni gani siku aliyouimba wimbo huo mbele ya watu.

Wala zisidharauliwe nyimbo zilizoingia kupitia redio na kanda. Katika nyumba nyingi za Kenya na Tanzania, Krismasi ya miaka ya 1980 ilikuwa na sauti ya Boney M., kundi lililoundwa Ujerumani likiwa na waimbaji wenye asili ya visiwa vya Karibi, ambalo lilitoa Mary's Boy Child mwaka 1978 na albamu nzima ya Krismasi mwaka 1981. Wimbo huo ulitungwa na Jester Hairston, Mmarekani mweusi, na uliimbwa na Harry Belafonte miaka mingi kabla yao. Kuna wanaoona aibu kuutaja mbele ya wazee wa kanisa, nami naona aibu hiyo haina msingi, kwa kuwa kama huo ndio wimbo uliokuwa ukipigwa wakati kaka yako anashuka kwenye basi kutoka Dar es Salaam akiwa na mkate wa sukari na viatu vyako vipya, basi huo ni wimbo wa Krismasi wa nyumba yenu. Hata Jingle Bells, ambao James Lord Pierpont aliusajili Marekani mwaka 1857 na ambao maneno yake hayataji Krismasi hata mara moja, una haki ya kuingia daftarini ikiwa watoto wa kwenu waliuimba. Sisi tuliuimba tukiitazama barafu ya Kibo, na tuliamini kwa dhati kwamba unatuhusu.

Kukaa na mzee

Siku ya Krismasi yenyewe haifai kwa mazungumzo haya. Nyumba imejaa, mbuzi yuko motoni, na mzee amechoka kupokea shikamoo. Tarehe 22 au 23 inafaa, na tarehe 27 inafaa zaidi, asubuhi baada ya chai. Wanawake wengi, hata hivyo, huimba vizuri zaidi mikono yao ikiwa na kazi. Ukimwona shangazi ameketi na beseni la ndizi, chukua kisu na wewe, keti, umenye pamoja naye, na umwombe ruhusa ya kuiweka simu karibu.

Ruhusa iombwe kwa maneno ya wazi. Mweleze kwamba unarekodi, kwamba ni kwa ajili ya familia, na kwamba akisema kitu asichotaka kisikike utakifuta mbele yake. Kisha mwombe aimbe kwanza, na maswali yafuate baadaye, kwa sababu kuimba hufungua mambo ambayo swali haliwezi kuyafungua. Wataalamu wa kumbukumbu wamegundua kwamba watu wazima hukumbuka kwa nguvu zaidi nyimbo walizozisikia kuanzia karibu na kubalehe hadi ujana wao, na kwamba hata wagonjwa waliopoteza kumbukumbu nyingi huweza kuimba nyimbo za zamani. Kwa hiyo usimwache nje ya kazi hii mzee anayesahau majina ya wajukuu. Anzisha mstari wa kwanza taratibu, kwa sauti ya chini kuliko unavyodhani inafaa, na umsubiri.

Akikosea maneno, usimsahihishe. Makosa ya familia ni mali ya familia. Kwetu kuna mstari mmoja ambao watoto wa nyumba yetu wameuimba vibaya kwa vizazi vitatu, na nilipofuatilia niligundua kwamba kosa lilianzia kwa babu, aliyejifunza wimbo ule kwa kusikia tu kabla hajajua kusoma. Kama ningemsahihisha baba siku ile aliponiimbia, nisingeipata habari hiyo ya babu.

Tatizo kubwa litakuwa miaka. Ni wazee wachache watakaokuambia kwamba jambo fulani lilitokea mwaka 1984, lakini karibu wote wanaweza kukuambia lilitokea kabla au baada ya jambo jingine. Tengeneza mapema orodha fupi ya alama za miaka unazoweza kuulizia. Krismasi ya mwaka 1978 ilikuwa ya wakati wa vita vya Kagera, na nyumba nyingi zilikuwa na kijana aliyekuwa mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na uhaba wa sukari, sabuni na nguo, na watu wanakumbuka vizuri sana Krismasi ambayo chai ilinywewa bila sukari. Papa Yohane Paulo wa Pili alifika Tanzania Septemba 1990. Mvua za El Nino zilinyesha mwishoni mwa mwaka 1997, barabara zikakatika. Mwalimu Nyerere alifariki Oktoba 1999, miezi miwili na siku chache kabla ya Krismasi. Redio nayo ni alama: kabla ya vituo binafsi kuruhusiwa katika miaka ya 1990, wengi Tanzania Bara walikuwa wakisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa hiyo mtu akikutajia kituo kingine alichosikia wimbo huo, utajua uko upande gani wa muongo huo.

Kumbukumbu nyingine zina majonzi. Krismasi huleta hesabu ya waliokuwapo na wasiokuwapo, na wimbo ulioonekana mwepesi unaweza kumtoa mtu machozi. Hapo nyamaza. Usikimbilie swali lingine, wala usianze kumfariji kwa maneno mengi, na usiizime simu ghafla kana kwamba amefanya kosa. Mwulize kwa upole kama angependa mpumzike. Mara mbili nimeambiwa niendelee kurekodi, na mambo yaliyofuata ndiyo ninayoyathamini kuliko yote niliyonayo.

Simu inavyopaswa kuwekwa

Simu ya kawaida inatosha, ikiwekwa vizuri. Izuie isipokee simu wala ujumbe kwa kuiweka katika hali ya ndege, kisha ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, kama umbali wa mikono miwili kutoka kinywa cha mwimbaji, kwa kuwa ikiwekwa juu ya meza tupu itabeba kila mgongano wa kikombe. Chumba chenye mapazia, makochi na vitanda hutoa sauti safi kuliko sebule tupu yenye sakafu ya saruji. Mvua ikianza kupiga bati, acha. Hakuna programu itakayoiondoa vizuri. Mwanzoni mwa kila rekodi taja kwa sauti yako tarehe, mahali na anayeimba. Sekunde hizo kumi zitakuokoa miaka ijayo, faili zitakapokuwa mia mbili na majina yake yote yakiwa tarakimu.

Rekodi hiyo isitumwe kwa ndugu kama ujumbe wa sauti, kwa sababu ujumbe wa sauti hubanwa na kupoteza ubora. Katika WhatsApp itume kama dokyumenti, ifike kama ilivyo.

Kanda za zamani

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asome polepole, kwa sababu kanda ya kaseti huweza kuharibika siku moja baada ya kukaa salama miaka arobaini, na mimi nimewahi kuiharibu. Ilikuwa kanda ya kwaya ya mtaa iliyorekodiwa kanisani katika ibada ya mkesha, sauti ya mama ikiwa miongoni mwa sauti ya pili. Niliitoa kwenye kabati lenye unyevu, nikaiweka moja kwa moja kwenye redio ambayo haikuwa imetumika kwa miaka, na redio ikaimeza. Mita kadhaa za mkanda zilikunjamana kama karatasi, na nusu ya wimbo mmoja haikurudi tena.

Kwa hiyo anza kwa kuitazama kanda. Kupitia dirisha lake dogo angalia kama kuna unga mweupe juu ya mkanda. Huo ni ukungu, na kanda yenye ukungu isichezwe wala isiachwe karibu na nyingine hadi apatikane fundi anayejua kuisafisha. Ikiwa ni safi, vunja vile vijisahani viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kanda, ikiwa bado vipo, ili mtu asibonyeze kwa bahati mbaya kitufe cha kurekodi na kufuta kilichomo. Kisha zungusha gurudumu lake kwa kalamu ya risasi, kama tulivyofanya utotoni kuokoa betri, uone kama mkanda unakwenda bila kukwama.

Redio nayo isafishwe. Ndani ya mlango wa kanda kuna kile kipande cha chuma king'avu ambacho mafundi hukiita hedi, na pembeni yake kuna gurudumu dogo la mpira linalovuta mkanda. Hedi isuguliwe taratibu kwa kijiti cha pamba kilicholowekwa alkoholi safi ya dukani kwa dawa, hadi rangi ya kahawia iishe, na gurudumu la mpira lifutwe kwa kitambaa chenye maji kidogo. Kisha viachwe vikauke kabisa. Jaribu redio hiyo kwa kanda usiyoijali. Ikiicheza upande mzima bila kuikwaruza, ndipo uiweke ile ya thamani, uipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha nyuma mara moja, ili mkanda ulioshikamana kwa miaka mingi uachane, na baada ya hapo uicheze.

Sauti hupelekwa kwenye kompyuta kwa waya unaotoka katika tundu la hedifoni la redio na kuingia katika tundu la kupokea sauti la kompyuta. Kompyuta nyingi za sasa hazina tundu hilo, lakini kipo kifaa kidogo cha bei nafuu kinachochomekwa kwenye tundu la USB na kufanya kazi hiyo. Programu ya Audacity hutolewa bure na inatosha kabisa. Weka sauti ya redio katikati, anza kurekodi, na tazama vipimo: kilele cha sauti kikigusa mwisho, punguza, kwa kuwa sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haitengenezeki. Hifadhi katika faili la WAV, yaani faili lisilobana sauti. Dakika moja ya WAV ya ubora wa santuri ya CD huchukua takriban megabaiti 10, hivyo kanda ya dakika 60 itahitaji megabaiti 600 hivi, na kwa flashi za siku hizi hilo si tatizo. Nakala ndogo za MP3 za kugawa zitengenezwe baadaye kutoka katika WAV hiyo. Ubora wa asili ukishatupwa, haurudi.

Mkanda ukikatika, usiuunge kwa selotepu ya kawaida, maana gundi yake hutoka pembeni na kuchafua hedi. Upo utepe maalumu wa kuungia, unaobandikwa upande wa nyuma wa mkanda. Na kanda yenyewe isitupwe baada ya kunakiliwa. Irudishwe kwenye kasha lake, isimame wima mahali pakavu, mbali na spika, kwa sababu sumaku za spika huweza kudhoofisha kilichorekodiwa.

Neno moja kuhusu haki. Kanda ya kwaya iliyouzwa madukani ina wenyewe, na Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kuinakili ili mama aisikilize ni jambo moja, kuiweka hadharani ni jambo jingine. Sauti za ndugu zako nazo zisiwekwe hadharani kabla hawajakubali.

Daftari

Kila wimbo upewe kurasa mbili zinazotazamana. Upande wa kushoto andika maneno kama yalivyoimbwa, pamoja na makosa yake, ukionyesha kiitikio na mahali sauti zinapogawanyika. Kama kuna mwalimu wa kwaya katika ukoo, mwombe aandike sauti kwa do, re, mi, kwa sababu waimbaji wengi wa kwetu huusoma mtindo huo. Upande wa kulia andika kumbukumbu, na ziandikwe kwa maneno ya msimulizi mwenyewe, kila moja ikiwa na jina lake na mwaka aliokuambia. Wawili wakipingana, ziandikwe kumbukumbu zote mbili. Mama na mdogo wake hawajakubaliana hadi leo kama taa ya karabai ilizimika kabla au baada ya injili kusomwa mwaka ule wa uhaba, lakini wote wanakubaliana kwamba kwaya haikunyamaza.

Picha za kurasa hizo na faili za sauti ziwe katika mahali patatu, na angalau nakala moja iwe katika nyumba nyingine, mji mwingine. Jina la faili lianze na mwaka, kisha mwimbaji, kisha wimbo.

Kuurudisha wimbo nyumbani

Wimbo uliohifadhiwa uimbwe. Chagua mmoja tu kila mwaka, uwafundishe watoto kiitikio katika wiki ya mwisho ya Majilio, uchapishe maneno kwa herufi kubwa ambazo babu ataweza kuzisoma kwa mwanga wa taa, na usiku wa mkesha, baada ya kutoka kanisani na kabla chakula hakijapakuliwa, mmoja asome kwa sauti ukurasa wa kulia, kisha wote waimbe ukurasa wa kushoto. Haichukui zaidi ya dakika kumi. Watoto wa kwetu sasa hubishana nani atasoma.

Wa bibi tumeuimba mara tatu kwa namna hiyo. Mstari wa pili wa ubeti ule wa Kichagga tuliupata kwa mama mmoja aliyekuwa naye kwenye kwaya, na wa tatu ulikuwa mwishoni mwa kanda ambayo nilidhani haina kitu. Wa nne bado. Katika daftari nimeuachia nafasi kwa kalamu ya risasi, na tarehe 27 mwaka huu tutakwenda Rombo kwa mdogo wake bibi, ambaye ametimiza miaka tisini na ambaye shangazi anasema bado huimba akiwa peke yake.